Sikio la Baba Hans

Arusha mjini kila mtu ana jiwe mfukoni, na asiye nalo ana shemeji analo. Ukikaa kwenye baraza yoyote katikati ya mji kwa muda wa kunywa soda moja, atakuja mtu, atatazama kushoto na kulia, atafungua karatasi iliyokunjwakunjwa, na ndani yake kutakuwa na kitu kinachometameta ambacho, kwa maelezo yake, wewe peke yako ndiye uliyebahatika kukiona. Mara nyingi ni uongo. Ndiyo maana watu wa mji ule wakisikia habari za mawe hushika mifuko yao kwanza.

Sasa katika mji wa namna hiyo kuna watu wanaokutana Daraja Mbili kila Jumamosi mchana, wanakata mawe na kuyang'arisha, na hawauzi hata moja. Jambo hili linawakera mabroka, madalali wa mawe, kweli kweli. Wanakutana nyuma ya nyumba ya Mwalimu Esther, mstaafu aliyefundisha jiografia mpaka ramani zikabadilika, katika chumba kilichokuwa cha mashine ya kusaga unga kabla mashine yenyewe haijafa. Mawe yao ni yale ambayo broka hawezi kuinama kuyaokota: mekundu yenye madoa, meupe yasiyo na bei, vipande vilivyotupwa na wenye kazi zao. Wanayakata kwa raha tu, kama mwingine anavyofuma vitambaa. Wakimaliza wanaonyeshana, wanakunywa chai, wanakwenda nyumbani. Wana mwenyekiti, wana mweka hazina asiye na hazina, na wana mila zao.

Mila kubwa kuliko zote ni hii: jiwe halimaliziwi na mwenye jiwe. Utalikata miezi na miezi, pande zote, lakini ule uso wa juu, ulio bapa, ule ambao mtu akilitazama jiwe ndio anaoutazama, unampa mwenzio akung'arishie. Mwalimu Esther ndiye aliyeanzisha, eti ili watu wasivimbe vichwa. Na kwa muda mrefu huyo mwenzio alikuwa mtu mmoja kwa wote, Elimringi, ambaye wote walimwita Baba Hans.

Elimringi alikuja Arusha kijana kutoka Machame, akaingia gereji moja ya mtaa wa Unga Limited kunyoosha bodi za magari, na humo ndimo alimozeekea. Kazi yenyewe ni nyundo na bati, kutwa nzima, ndani ya banda la mabati, na wenzako wanapiga za kwao pembeni. Mgongo ulipokataa akaacha. Mkewe Anneth, mama wa maneno mengi na kicheko cha karibu, ndiye aliyemsukuma aende kwa Mwalimu Esther, maana alichoka kumwona akizunguka ndani kama anayetafuta kitu. "Nenda ukachafue kwa watu," alimwambia. Akaenda, akapenda. Baadaye Anneth akafa, ghafla, kwa shinikizo la damu, ungo wa mchele mapajani. Elimringi akabaki na vyumba viwili vya kupanga Kaloleni, mtoto mmoja, Hans, aliyeko Mwanza, na Jumamosi.

Nasema Jumamosi kwa sababu siku nyingine hazikuwa na kitu. Aliamka, alichemsha chai, alifagia palipokwisha kufagiliwa, alitembea mpaka uwanjani na kurudi. Jumamosi ndipo alipokuwa mtu. Akitokeza tu mlangoni kuna wa kumvutia kiti, na kiti chenyewe kilikuwa kile kimoja mbele ya sahani ya kung'arishia. Hata achelewe namna gani, hakuna aliyekikalia.

Hiyo sahani niieleze, maana mambo yote yanaizunguka. Ni duara la bati nene linalozungushwa na mota iliyotolewa kwenye mashine mbovu ya kufulia nguo. Juu yake unapakwa unga laini kuliko poda ya mtoto. Jiwe hugandishwa kwa nta kwenye ncha ya kijiti, kisha linagusishwa pale taratibu mpaka uso wake uwe kama maji yaliyotulia. Adui ni punje. Kwenye sahani nyingine, ya kukwangulia, kuna mchanga mkali, na punje moja ya mchanga huo ikihamia kwenye sahani ya kung'arishia, kwa kidole, kwa kitambaa au kwa upepo, basi itachora mstari. Kuiona huwezi, iko chini ya jiwe, na jiwe liko chini ya mkono wako. Utaisikia tu. Jiwe linalia, sauti nyembamba, ya juu, fupi. Ukiinua mkono papo hapo umepona. Ukichelewa, inabidi kuukwangua uso wote upya, na jiwe linapungua.

Elimringi alikuwa hachelewi. Fundi wa bati huzoea kusikiliza, kwa nyundo tu anajua wapi bati limechoka. Stanley, mfuga ng'ombe wa maziwa mwenye sauti nzito kuliko ya ng'ombe wake, alikuwa akiapa kwamba Baba Hans huinua mkono punje ikiwa bado njiani. Wakampa jina la Sikio. Akija mgeni walimwonyesha: huyu ndiye Sikio letu. Na alipokaa kung'arisha uso wa juu, chumba kizima kilinyamaza. Hakuna kukohoa, hakuna kukoroga chai. Watu wazima wenye wajukuu walikaa mikono mapajani, wamefunga midomo, ili Sikio lisikie. Yeye alijifanya haoni, lakini aliona, na alipenda. Nani asingependa?

Tatizo ni kwamba nyundo haikumwacha salama. Masikio hayaondoki yote kwa mara moja. Kwake zilianza kuondoka sauti nyembamba. Ndege wa asubuhi waliacha kulia, akadhani wamehama. Simu ikawa haiiti. Kwaya ya kina mama kanisani ikawa midomo inayofunguka na kufumba, huku besi za wanaume zikiendelea vizuri tu. Malori aliyasikia, Stanley alimsikia, mota ya sahani aliisikia. Kwa hiyo alijiambia kwamba yeye ni mzima, ila siku hizi watu, hasa wanawake, wameingiwa na tabia ya kunong'ona. Asubuhi moja mwenye nyumba wake, Mama Abdiel, alimwambia kwamba kaka yake amelazwa, hali ni mbaya. Elimringi akatabasamu, akajibu, "Afadhali." Yule mama alimnunia mwezi mzima. Tangu hapo akawa anajibu kila kitu kwa "Mungu yupo," maneno yanayofaa harusini na msibani pia.

Aliyemfunulia ukweli ni Nosim, mama kijana wa Kisongo aliyejiunga juzijuzi. Nosim alikuwa anajifunza kwenye sahani, Elimringi amesimama nyuma ya bega lake. Ghafla akainua kijiti, akageuka, uso umejaa furaha, na midomo ikasema wazi kabisa, "Limelia!" Mwanafunzi amesikia. Mwalimu wake, karibu kiasi cha kugusana, hakusikia chochote isipokuwa mota.

"Ndiyo, limelia," Elimringi akasema. "Umefanya vizuri."

Akatoka nje kama anayekwenda kujisaidia, akajifungia chooni, akatoa funguo, akakwaruza bati la mlango karibu kabisa na sikio lake. Mkono ulihisi mtetemo. Sikio halikupata kitu. Akakwaruza tena, kwa nguvu, upande wa pili. Aliogopa. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Aliogopa kama siku ile alipomwita Anneth mara mbili na Anneth hakuitika.

Hospitali alikwenda. Daktari kijana alimpigia kelele kwa adabu, akamweleza kuwa mishipa ya ndani imechoka na haitarudi, ila kuna kifaa cha kuvaa sikioni ambacho kinaweza kusaidia kidogo. Akazungumze na mwanawe. Elimringi alilifikiria jambo hilo mpaka getini, likaishia hapo. Mtu anayeitwa Sikio aingie kwa Mwalimu Esther na kidude sikioni? Watamvutia kiti kipi? Hans hakuambiwa. Hans alipiga simu haipokelewi, akadhani mzee amenuna kwa kuwa hakwenda Krismasi, akawa anatuma ujumbe: shikamoo baba, unaendeleaje? Naye anajibiwa: marahaba, Mungu yupo.

Badala ya kusema, Elimringi akawa msafi. Jumamosi aliwahi kuliko wote. Aliosha sahani, akaiosha tena. Alisugua mikono kwa sabuni na brashi mpaka viwikoni. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Pasipo na punje hapana mlio, na pasipo na mlio, nani atajua kama unasikia au husikii? Kwa miezi mawe yalitoka yanang'aa. Watu wakasifu. Yeye alirudi Kaloleni shati limeloa mgongoni, na ile raha ya zamani ilikuwa imekwisha, amebaki na kazi ya kutokamatwa. Mimi namlaumu. Halafu nikifikiria vile vyumba viwili, nalaumu kwa sauti ya chini.

Magreth aliingia kwenye chama kwa ajili ya jiwe moja tu. Anauza mitumba soko la Kilombero, mama mwembamba mwenye sauti nyembamba vilevile. Alikuwa na binti, Princess, aliyezaliwa na ugonjwa wa damu, selimundu. Princess akiwa mdogo alikwenda likizo kwa bibi yake Longido, mvua ikanyesha, na kwenye korongo akaokota kijiwe chekundu, ganeti, akakitia kwenye kopo la mafuta ya kujipaka. Alilazwa mara nyingi mtoto yule, na kila akilazwa kopo lilikwenda naye. Alisema iko siku atakifanya kijiwe kile kidani. Alifariki akiwa kidato cha nne. Baada ya matanga kwisha Magreth alikwenda kwa Mwalimu Esther na kopo mkononi, akauliza, hii kazi mtu anajifunzaje? Wakamwambia aanze na mawe meupe. Akakata meupe mwaka mzima, vidole vimechanikachanika, hakulalamika, ndipo akaligusa la binti yake.

Broka angelicheka. Lilikuwa limekoza mno, dogo kama punje ya hindi, na ndani yake lilikuwa na ufa, chini kidogo tu ya pale uso wa juu utakapokaa. Elimringi ndiye aliyeuona, kwa kioo cha kukuzia. "Hapa juu hakuna kurudia," alimwambia Magreth. "Likikwaruzika, tukisema tulikwangue upya, tunaufikia ufa. Litafunguka lote. Ni mara moja tu." Magreth alimtazama, akajibu, na midomo yake ilikuwa rahisi kusomeka siku hiyo: "Si ndiyo maana upo wewe?"

Ijumaa moja ya mwezi wa saba, baridi ya Meru imeshuka mpaka vyombo vinauma mkononi, Magreth akafika Kaloleni na chupa ya mtindi. Elimringi akamkalisha kwenye kochi linalotazama dirisha. Wageni wote siku hizi aliwakalisha hapo, mwanga uwaangukie usoni.

"Shikamoo, Baba Hans."

"Marahaba, mama. Habari za sokoni?"

"Nzuri. Baba, nimemaliza." Alisema polepole. Hakuwa anajua lolote kuhusu masikio ya mzee, ila jambo lenyewe lilikuwa zito kwake. "Pande zote nimemaliza. Umebaki uso wa juu. Kesho utanimalizia?"

Maneno yalikuwa tayari. Masikio yangu yamekwisha. Maneno matatu, ameyafanyia mazoezi mbele ya kioo cha kunyolea, anajua mpaka mahali pa kupumua. Kilichotoka kikawa kingine.

"Mama Princess, kwa nini usimpe Stanley? Stanley ana mkono mzuri."

"Stanley ana mkono wa kukamua." Magreth akacheka, kisha kicheko kikamwisha. "Baba Hans, mimi mtoto wangu nimewapa watu wengi. Madaktari, manesi, wa sindano, wa damu, wa kila kitu. Kila anayekuja nampa. Safari hii simpi mtu nisiyemwamini."

Alisema mtoto, hakusema jiwe, na Elimringi aliyasoma maneno hayo sawasawa, hawezi kusingizia masikio. Pale ndipo mahali pa kusema. Mama wa watu ameketi mbele yake, mikono imeshika kopo, na mlango wa kusema uko wazi kabisa. Akawaza kiti. Akawaza chumba kikinyamaza. Akawaza Jumamosi ijayo na ile inayofuata, yeye na chai yake na ufagio wake. Tena akajidanganya kwamba akiosha vizuri zaidi, hakitatokea kitu.

"Haya, kesho," akasema. "Mungu yupo."

Kesho yake alifika mlango haujafunguliwa. Aliosha sahani, akaifuta, akaiosha tena. Alikuwa amevaa sweta la sufu alilofumiwa na Anneth, mikono mirefu mpaka kwenye vifundo, kwa sababu baridi ilikuwa ya kweli. Nosim naye akawahi, akakuta sahani ya kukwangulia imeisha makali, akaomba msaada. Elimringi akakunja mikono ya sweta, akamtilia mchanga mpya, akamsawazishia. Kisha akarudi bombani, akasugua mikono mpaka ngozi ikawa nyekundu, na kwa ile baridi akaishusha mikono ya sweta tena, ikafunika vifundo.

Mtu yeyote wa chumba kile angeambiwa jambo hilo angepiga kelele. Sufu haikaribii sahani! Sufu inashika punje na kuitema inapotaka. Ni sheria aliyoifundisha yeye mwenyewe, na mwaka juzi alimrudisha Stanley nyumbani kwa ajili ya kofia. Lakini kichwa chake chote kilikuwa kwenye vidole vyake. Hofu ilimshughulisha na mahali pamoja, akasahau pengine.

Walipofika wote, Magreth akamkabidhi kijiti kwa mikono miwili. Jiwe lilikuwa zuri. Nalisema kwa haki, kazi ya mwanafunzi, na pembe zake zilikuwa zimekutana vizuri kuliko za wengi. Elimringi akawasha mota, akapaka unga, akavuta pumzi. Chumba kikanyamaza.

Mguso wa kwanza ulikwenda salama. Wa pili pia. Uso ulianza kung'aa, akaona dirisha dogo la mwanga ndani ya wekundu ule, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu moyo wake ukatulia. Akashusha kijiti tena. Vidole vilihisi msisimko kidogo, akadhani ni mota. Akainua macho, akaona watu wote wanamtazama.

Wamekaza macho. Mwalimu Esther ameshika shingo yake. Nosim ameinuka nusu, kitako hakimo kitini wala hakijatoka. Elimringi akadhani wamevutiwa. Akawatabasamia, mkono wake ukiendelea palepale.

Jiwe lilikuwa linalia. Lilikuwa linalia kwa sauti ambayo, Stanley alisema baadaye, ilimwingia kwenye meno. Wote waliisikia, mpaka jirani aliyekuwa anaanika nguo uani. Na hakuna aliyefungua mdomo. Ilikuwa mila, anapong'arisha Sikio watu hunyamaza. Tena kila mmoja alijiambia, huyu ni Baba Hans, ana sababu yake, sasa hivi atainua. Wakangoja. Walingoja kwa heshima mtu asiyesikia asikie.

Magreth ndiye aliyeruka. Akamdaka kifundo cha mkono, akakivuta juu, na hapo Elimringi akauona uso wake kwa karibu, akajua kabla hajatazama jiwe. Mstari ulikuwa umekata uso wote, ukingo hadi ukingo, na mingine miwili mitatu pembeni yake.

"Hukusikia?" Magreth akauliza. "Baba Hans, hukusikia?"

Stanley akazima mota. "Mzee, kila mtu amesikia," akasema kwa sauti yake nzito, na hiyo Elimringi aliisikia vizuri sana.

"Sikusikia," akasema. "Sisikii, mama. Tangu mwaka jana sisikii."

"Jana ulijua?"

Angeweza kujifanya hakuelewa. Ilikuwa nafasi nzuri kuliko zote kujifanya hakuelewa. "Nilijua," akasema.

Magreth hakulia wala hakumtukana, na labda angemtukana ingekuwa nafuu kwa wote. Alichukua kijiti na jiwe lake na nta yake, akakitia kwenye mfuko wa plastiki alioletea sukari ya chai, akachukua kanga yake, akatoka. Mwalimu Esther akamfuata mpaka getini. Alirudi peke yake, akaanza kukusanya vikombe ambavyo hakuna aliyekuwa amevitumia.

Elimringi alikaa Kaloleni wiki nyingi. Alikwenda Kilombero mara moja kumtafuta Magreth, akamwona kwa mbali akikunja suruali za watoto, akasimama nyuma ya mwuza ndoo kwa muda, akarudi. Angemwambia nini? Pole hairudishi uso wa jiwe. Alimwandikia Hans kwamba masikio yana shida kidogo, Hans akajibu kwamba mwezi wa kumi na mbili atakuja wafuatilie, na kwamba alikuwa na wasiwasi sana. Elimringi akausoma ujumbe huo mara nyingi. Kisha Jumamosi moja mlango ukagongwa kwa mateke, maana Stanley alikwisha elewa namna ya kubisha hodi kwake.

"Baba Hans, kwa nini umetususa?" Stanley akanguruma. "Kiti chako kipo palepale. Watu wana mawe wanakungoja wewe."

"Mimi? Mnataka niwaharibie tena?"

"Ile ilikuwa ajali. Utakuwa unaosha tu vizuri. Twende, mzee, twende." Stanley ni mtu mwema, lakini hajui kudanganya, na muda wote huo alikuwa anaangalia viatu vyake.

Elimringi hakuangalia viatu. Alikuwa anatafuta koti. Njia nzima kutoka Kaloleni mpaka Daraja Mbili alitembea mbele, Stanley nyuma, na aliyemwona angesema huyu mzee anawahi harusi. Walimpokea vizuri. Nosim alimshika mikono yote miwili, Mwalimu Esther alimvutia kiti. Magreth hakuwepo, na alipouliza, midomo ya Mwalimu ilijibu kwamba ana shughuli siku hizi. Mbele ya sahani palikuwa na karatasi zilizokunjwa, kila moja na jina la mwenyewe, nyingi kuliko alivyozoea. Alifurahi. Nasema kweli, alifurahi mpaka akaogopa watamwona akitokwa na machozi.

Akafungua ya Stanley. Kijiwe cha kijani, kimekatwa vizuri. Kabla ya kukigandisha kwenye kijiti akakigusisha mdomoni, kama wanavyofanya watu wa mawe, maana mdomo unajua. Jiwe la kweli hubaki baridi. Kioo hushika joto la mtu upesi.

Kilikuwa na joto.

Akakitazama kwenye mwanga, akakijua. Chupa ya soda. Akafungua ya Mwalimu Esther, cha kahawia, akakigusisha mdomoni. Chupa ya bia, sijui mama yule Mlutheri aliipata wapi. Cha Nosim kilikuwa cheupe, kitako cha glasi. Vyote vilikuwa vioo, vile wanavyopewa wageni siku ya kwanza wajifunzie kuharibu. Watu wazima walikuwa wamekaa wiki nzima wakikata chupa, kwa uangalifu, pembe kwa pembe, ili yeye awe na kitu cha kung'arisha. Kwenye kona, mahali palipokuwa pamekaa magunia, kulikuwa na kitu cha duara, ukubwa wa sahani yake ya kung'arishia, kimefunikwa kanga, na waya wa umeme umetokeza chini yake, na kiti cha Nosim kilikuwa kimesogezwa karibu nacho.

Akageuka. Hakuna aliyekuwa anamtazama. Wote walikuwa wameinamia kazi zao, wameinama mno.

Angeweza kusimama. Alijua hivyo, na alikaa akilijua kwa muda mrefu kiasi, kioo kikipata moto kiganjani. Angewashukuru, angevaa koti, angekwenda. Kwenda wapi? Jumamosi ilikuwa hii hii, hana nyingine.

Akakunja mikono ya shati mpaka viwikoni. Akagandisha kipande cha Stanley kwenye nta, akapaka unga, akawasha mota. Akaona midomo inafungwa mmoja mmoja, vijiko vinawekwa chini, mikono inarudi mapajani, kama zamani. Walikuwa wamemnyamazia. Basi naye akawapa walichokuwa wanakingoja. Alishusha kijiti taratibu, akaelekeza kichwa upande mmoja, akakunja uso, akakaa vile kama mtu anayesikiliza kwa makini sana. Baada ya muda akainua mkono ghafla, akaifuta sahani, akaendelea.

Alipomaliza, Mwalimu Esther alikiinua kipande kile kwenye dirisha, akakigeuza, akasema neno fulani la kusifu. Elimringi akajibu kwamba Mungu yupo, akanyoosha mkono kuchukua kingine.